Muhula Tuliomsikia Mumbua

Nuu, Jumatatu, 10 Septemba 1984

Muhula wa tatu umeanza. Chumba chetu cha nasari kiko nyuma ya kanisa: mabati juu, udongo chini, dirisha moja lisilo na kioo. Watoto ni wachache. Wengi wamebaki nyumbani kwa sababu ya njaa, na waliokuja wamekuja kwa sababu ya njaa hiyo hiyo, maana hapa kuna uji.

Mpishi wa uji ni Muthoki, mama mpole mwenye sauti ya chini. Boma lake liko ng'ambo ya ua wa minyaa, karibu kiasi kwamba moshi wa jiko lake huingia darasani. Nilipofika Jumamosi kutoka mjini Wote nilikuta amenifagilia chumba na kunijazia mtungi. Maji hapa yanafukuliwa mchangani mtoni, mbali, kwa hiyo najua mtungi ule ulimgharimu nini. Nimefurahi kupata jirani kama huyu mahali nisipomjua mtu.

Alhamisi, 13 Septemba

Joto. Nimepanga muhula mzima niwafundishe milango ya fahamu. Chuoni tuliambiwa usimweleze mtoto kwamba ukwaju ni mkali, mpe aulambe.

Jumatatu, 17 Septemba

Leo ilikuwa kuonja. Nilileta chumvi, kipande cha ukwaju, asali kidogo kwenye kifuniko cha chupa, na majani ya mwarobaini. Walipaswa kufumba macho, waonje, waseme ni tamu, chungu au kali. Hawakusema. Walikula somo lote. Hata mwarobaini waliutafuna, wakaumeza. Mtoto mmoja alishika kile kifuniko akakilamba mpaka ilibidi nimnyang'anye, naye hakulia, alinitazama tu.

Nilisimama nyuma ya mlango nikajifuta macho. Muthoki aliniona.

"Usilie, Mwalimu," akasema. "Leo wamekumbuka utamu."

Mchana nilimwona akikwangua ukoko wa sufuria, akautia kwenye mkebe, akaufunika kwa leso na kuvuka ua. Anakaa peke yake. Mume wake, Musyoka, hupasua mbao huko Makindu na huja nyumbani mara chache. Sikumuuliza kitu. Lakini watoto wangeula ule ukoko.

Ijumaa, 21 Septemba

Tena mkebe. Na huwa anatazama nyuma kabla ya kuvuka.

Jumatatu, 24 Septemba

Kusikia. Niliwaketisha kwenye mkeka, macho yamefumbwa, kila mmoja aseme amesikia nini. Mbuzi. Jembe. Mabati yakialika kwa jua. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa ua. Ikafika zamu ya Kaluki, msichana mdogo wa masikio makali ambaye husikia lori la mizigo kabla sisi hatujaona vumbi lake.

"Nimemsikia Mumbua," akasema.

Wenzake wote wakafumbua macho.

"Mumbua ni nani?"

"Alikuwa anakaa hapa." Akapapasa mkeka ubavuni mwake. Ndipo nikagundua kwamba tangu muhula uanze hakuna aliyewahi kukaa pale. "Alikufa."

Nilimwendea Muthoki jikoni. Laiti ningenyamaza. Aliendelea kukoroga, mwiko ukazunguka na kuzunguka.

"Mumbua alikuwa wangu," akasema. "Ilikuwa surua, mwaka jana. Nilimpeleka Kiboko kwa dada yangu, karibu na daktari. Alizikwa huko."

Nikamwomba msamaha. Akasema si kitu, watoto ni watoto. Uji ukafurika, ukamwagikia moto, naye hakuuona.

Jumatano, 26 Septemba

Hakuna upepo. Hakuna aliyesikia kitu.

Jumatatu, 1 Oktoba

Upepo umerudi. Leo si Kaluki peke yake. Karibu nusu ya mkeka wamesema wanamsikia, tena wanasema anaimba. Nikauliza wimbo gani. Ni wimbo wa vidole waliofundishwa na mwalimu aliyenitangulia, wa kuamsha kidole kimoja kimoja kama watu wa nyumba moja. Mumbua ndiye aliyekuwa akiuanzisha. Alipokufa waliuacha.

Mimi sikusikia chochote. Nilijiambia kwamba mtoto husikia anachokumbuka.

Jumatano, 3 Oktoba

Tumepata mtoto mpya, Qamar. Baba yake, Mahamud, ananunua mbuzi hapa Nuu. Mifugo yao yote ilikufa upande wa Garissa, wakahamia huku. Qamar hajui Kikamba, kwa hiyo anaongea Kiswahili na wenzake wanamcheka, halafu wanamwiga. Alikuja, akatazama mkeka, akakaa pale pale penye nafasi, kando ya Kaluki. Wenzake wakamkodolea macho. Yeye hakujua kwa nini.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimeusikia.

Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani. Nilikuwa nimekaa peke yangu nikishona mifuko ya kupapasa, ule wa mchanga, ule wa pamba, ule wa kokoto. Upepo ukavuma kupitia dirishani na pamoja nao sauti nyembamba, ya pua, isiyo na maneno. Ilikuwa inapanda mara nne kisha inashuka, kama mtu anayeamsha vidole na kumkuta wa mwisho ni mvivu. Ilikatika ghafla, kama imezibwa.

Nilitoka mbio, nikaacha sindano kwenye kitambaa. Sasa nalala taa ikiwaka, na mafuta ya taa ni ghali.

Jumanne, 9 Oktoba

Mzee Nzioka amekuja. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa, na chumba ni chao. Wazazi wamemwambia kwamba Mwalimu kutoka Wote anawafumba watoto macho na kuita wafu.

"Mzee, ni somo la masikio."

"Masikio yana kazi ya kusikia walio hai, Mwalimu." Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mtoto yule mimi mwenyewe nilimwongozea ibada ya wafu hapa. Mama yake anapika mlangoni pako. Unataka asikie watoto wakisema marehemu wake anaimba?"

Akaomba katika kila pembe ya chumba, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto huyu na yule. Muthoki alisimama nje, sufuria mkononi. Nilimtazama wakati wa maombi. Kila mtu alikuwa amefumba macho isipokuwa mimi na yeye, na yeye alikuwa anatazama ghala lake la nafaka, lile wanaloliita ikumbi, ng'ambo ya ua.

Kufumba macho kumepigwa marufuku. Nikirudia, kamati itatafuta mwalimu mwingine.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tumenusa. Vitunguu, kinyesi cha ng'ombe, sabuni, moshi kwenye kitambaa. Macho wazi, kwa amri ya Mzee Nzioka. Qamar alisema leso ya Muthoki inanuka mtoto. Muthoki akaivua pale pale, akaikunja, akaiweka chini ya kuni.

Kwa nini mtu aonee haya leso?

Jumatatu, 15 Oktoba

Mawingu, halafu hakuna. Watu hawatazami juu tena.

Ijumaa, 19 Oktoba

Mvua imenyesha. Laiti ningeandika hilo tu, nikafunga daftari.

Mchana anga liliiva juu ya kilima cha Nuu, nikawaruhusu watoto wakimbie nyumbani. Qamar alibaki akimngoja baba yake. Muthoki alikuwa sokoni kwenye foleni ya mahindi ya njano ya serikali.

Upepo ulitangulia. Uliinua paa la nyasi la ghala la Muthoki ukalitupa juu ya minyaa. Halafu mvua ikashuka yote pamoja, na ndani ya mvua nikasikia mayowe. Safari hii haukuwa wimbo. Mtoto alikuwa akilia "Mwaitu! Mwaitu!", kumwita mama yake.

Nitaandika ilivyokuwa. Sikutaka kwenda. Nilifikiri nikivuka ule ua nitaona kitu ambacho sitaweza kukitazama tena na kubaki na akili zangu. Ni Qamar aliyechomoka mvuani, nami nikamfuata kwa kuwa niliachiwa mtoto wa watu.

Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa kamba nje. Qamar alikwisha kuifungua. Ndani, maji yalikuwa yakimiminika, na pembeni, juu ya ngozi ya mbuzi, alikuwa amejikunja msichana. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa vizuri. Gauni lake lilikuwa safi, lililoshonwa kwa kitambaa ninachokijua, kile kile cha kilemba cha Muthoki. Akatugeuzia uso. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mwimo wa mlango. Nilidhani, hivi ndivyo wafu wanavyotazama.

Lakini Qamar hakuwa amewahi kuambiwa kwamba kuna mtu aliyekufa. Alichuchumaa, akamshika mkono.

"Mwalimu," akasema, "anatetemeka. Mpe leso yako."

Nilimfunika. Alikuwa mwepesi. Alikuwa na joto la mtoto, na moyo wake ulipiga mbavuni kwangu mbio mbio. Akanusa shingo yangu.

"Wewe si mama," akasema kwa Kikamba. "Mama alisema nisiongee na mtu."

"Unaitwa nani?"

Akabana midomo. Alikuwa ameshaongea kupita kiasi.

Muthoki alikuja akikimbia na gunia kichwani. Alipotuona mlangoni aliliachia. Likapasuka, mahindi yakatawanyika matopeni, mahindi ya kupanga foleni tangu asubuhi katika mwaka wa njaa, na hakuyatazama hata mara moja. Akamchukua mtoto mikononi mwangu. Tukasimama sote tukilowa, ndani ya chumba kisicho na paa.

"Mwalimu, sasa utaniua," akasema.

"Muthoki, kwa nini?"

Aliongea akiwa amekaa chini, mtoto mapajani, mgongo wake umeizuia mvua. Surua ilimwacha Mumbua bila macho. Yalipoanza kuwa meupe, mama yake Musyoka alisema mtoto kipofu ni mkosi, kwamba katika ukoo wao alizaliwa mmoja zamani na nyumba ile ikateketea, na kwamba ingekuwa heri angekwenda na ugonjwa. Musyoka hakumjibu mama yake. Muthoki akamchukua mtoto wakaenda Kiboko. Huko homa ilipanda tena, na msafiri mmoja aliyewaona akaja huku akasema mtoto ameaga.

"Nilirudi gizani, nimemfunga mgongoni, nimemfunika kwa baridi. Nikakuta watu nyumbani kwangu, Mwalimu. Wanalia. Mama mkwe ndiye alikuwa akilia kuliko wote. Mzee Nzioka anaomba. Nikasimama kwenye minyaa. Nikasema, wakimzika kwa maneno, hakuna atakayemgusa tena. Nikapita nyuma, nikamlaza kwenye ghala, nikaingia kulia pamoja nao."

"Lakini mwaka mzima!"

"Kila siku nilisema kesho nitaongea. Ukishawaacha watu wakulilie, unarudishaje yale machozi?"

"Na Musyoka?"

"Akija, Mumbua anajua. Siku za baba hakuna kuimba."

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona kando ya ile ngozi ya mbuzi ngozi nyingine, na blanketi moja la wote wawili. Yeye pia alikuwa ameishi humu.

"Jumatatu umlete darasani," nikasema. "Kwa mkono, kupitia njia kuu. Usipomleta nitakuja mimi."

Qamar alikuwa anaokota mahindi topeni, punje kwa punje, akiyaweka kwenye gauni lake.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mvua. Naogopa asije akatoroka naye.

Jumatatu, 22 Oktoba

Amemleta. Walipita barabarani, na watu waliokuwa wakipanda waliacha majembe. Mwanamke mmoja aliangusha debe la mbegu akakimbia. Hakuna aliyemsalimu Muthoki.

Darasani watoto walipiga kelele wakatoroka kwa mlango na kwa dirisha. Hawakukimbia Qamar na Kaluki tu. Kaluki alikuwa amejikojolea, hawezi kusimama. Mumbua alisimama katikati ya chumba akigeuza kichwa huku na huku, akiwatafuta kwa masikio.

"Wamekwenda wapi?" akauliza. "Ni mimi."

Qamar akamketisha kwenye mkeka.

Jumatano, 24 Oktoba

Watoto watatu tu. Kamati imekutana.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mzee Nzioka alikuja Alhamisi asubuhi, akasimama mlangoni kofia mkononi, hakuingia. Nilidhani amekuja kunifukuza.

"Tulimwambia Mungu ampokee," akasema. "Kanisa zima. Sasa tutamwambia Mungu nini?"

Alisema kwa hasira, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto, ambaye wakati huo alikuwa akipapasa mfuko wa pamba. Mumbua akainua kichwa.

"Huyo ni mzee wa kukohoa wakati wa maombi," akasema.

Kwa hiyo alikuwa akisikia ibada zote kutoka ghalani, kila Jumapili. Mzee Nzioka alikaa kwenye kizingiti kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akaondoka bila kuniaga. Jumapili alisema kanisani kwamba watoto warudi nasari, na kwamba mwenye swali amuulize yeye. Sikutegemea hilo kwake.

Jumatatu, 5 Novemba

Wamerudi karibu wote. Mvua kila alasiri, mahindi yamechipua, kunde zinatambaa. Lakini hawamgusi. Mumbua akinyosha mkono wanasogea. Yule anayemkaribia, wenzake humpaka udongo mkononi ili atakasike. Nimewakemea, hata mmoja nimemchapa, na nimejuta.

Ijumaa, 9 Novemba

Somo la kugusa. Waliunda duara, kila mmoja afumbe macho, maana Mzee Nzioka ameondoa marufuku yake, na amtambue jirani yake kwa mkono tu. Kaluki alikuwa kushoto kwa Mumbua, mikono ameibana kwapani. Sikumlazimisha. Mumbua alisubiri, mkono wake wazi juu ya goti, hakuunyosha. Amejifunza kutonyosha.

Mwishowe Kaluki akaweka kidole kimoja kwenye kiganja kile. Halafu cha pili.

"Una kovu," akasema Kaluki. "La ule moto tuliouchezea." Na akaanza kulia kwa nguvu, kilio cha kumlilia mtu, akiwa amemshika.

Jumatatu, 12 Novemba

Mumbua alibaki nyuma wenzake walipokwenda kunywa uji.

"Mwalimu, wanasema nilikufa. Nilikufa lini?"

Nilimwambia hakufa. Akatafakari.

"Lakini walilia. Niliwasikia. Nikamuuliza mama nani amekufa, akanifunika mdomo."

Nilimshika mkono tukawafuata wenzake kwenye uji.

Jumatano, 14 Novemba

Tulimpeleka kwa daktari mjini Mwingi. Ukungu wa macho hautatoka. Kuna shule ya watoto wasioona inayoweza kumpokea Januari. Muthoki alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa. Njiani alisema tu, "Kumbe kulikuwa na shule."

Ijumaa, 16 Novemba

Musyoka amekuja. Habari zilimfikia Makindu kwamba marehemu wake anasoma nasari.

Tulikuwa tunaimba. Mumbua alinyamaza katikati ya neno. Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Alinusa hewa, akatoka kwenye mkeka, akatambaa chini ya meza yangu, akakunja magoti, akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Ndipo mlango ukapata kivuli. Mwanamume mrefu, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Naambiwa mtoto wangu yuko hapa," akasema.

Akainama, akamwona. Mtoto hakuwa analia wala kupumua kwa sauti. Alikuwa amekuwa kitu, kama mzigo uliowekwa pale. Nimewahi kuona watoto wakiogopa, lakini ustadi kama ule sijawahi kuuona.

"Mumbua," akasema baba yake.

Akanigeukia.

"Ana nini? Haongei?"

Muthoki alikuwa ameingia nyuma yake. "Nilimfundisha," akasema. "Kwa ajili yako."

Musyoka alimgeukia akiwa ameinua mkono. Darasa zima liliona. Mkono ukabaki juu, kisha akautazama kana kwamba si wake, akaushusha. Akatoka akakaa kwenye udongo uliolowa, nje ya dirisha, mpaka watoto walipokwenda nyumbani. Mumbua hakutoka chini ya meza mpaka harufu ya mbao ilipokwisha chumbani.

Jumatatu, 19 Novemba

Musyoka hajarudi Makindu. Analima. Muthoki anasema analala jikoni, na kwamba alikwenda kwa mama yake akarudi akachukua jembe. Mumbua hatoi sauti nyumbani tangu Ijumaa. Darasani anaongea, nyumbani hapana.

Jumatano, 21 Novemba

Bado.

Ijumaa, 23 Novemba

Tumefunga muhula. Wazazi walikuja, hata waliokuwa wamenisema. Musyoka alisimama kando, peke yake, karibu na mke wake lakini si sana.

Watoto walikuwa wanacheza uani wakati kamati ikitoa shukrani. Kaluki na Mumbua waligombania mfuko wa kokoto. Mimi nilikuwa karibu na sikuwahi kuwafikia. Kaluki alivuta, Mumbua akaanguka kwa kinywa, jino likatoka.

Akapiga mayowe. Ya juu kabisa, bila kujizuia, damu kidevuni, akimtukana Kaluki kwa jina la babu yake.

Muthoki alifika kabla ya mtu yeyote. Alipiga magoti na kiganja chake kikaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mtoto, kikauziba. Sidhani alijua anachofanya. Macho meupe ya Mumbua yalifunguka juu ya kile kiganja na mwili wake ukaanza kulegea, ukijua kazi yake.

Musyoka akaja. Akachuchumaa, akashika mkono wa mke wake kwa vidole viwili, taratibu, akautoa.

"Mwache apige kelele," akasema.

Mtoto alisikia sauti ile karibu na uso wake. Alishika pumzi kwa muda mrefu kiasi kwamba niliogopa. Kisha akalia, akalia, kanisa zima likimsikia, mpaka akachoka mwenyewe.